Theluji ya Kituo cha Tatu

Jumatatu, 11 Novemba

Mwalimu Hedstrom amenikabidhi kituo cha tatu. Vituo vya kupimia ardhi viko vitatu kukizunguka kijiji chetu cha Kuukaluk: kimoja ng'ambo ya mto, kimoja kando ya ziwa tunalochota maji, na hiki cha tatu nyuma ya shule, hatua mia mbili kutoka mlango wa ukumbi wa mpira wa kikapu. Viwili vya kwanza vina mashine zinazotuma vipimo vyenyewe hadi Ofisi ya Ardhi. Mashine ya cha tatu iliharibika Septemba. Mpaka ipatikane nyingine, lazima mtu aende kwa miguu.

Kila siku saa sita mchana nitateremsha kipimajoto kwa uzi ndani ya bomba lililozikwa, hadi sentimita thelathini chini ya uso wa ardhi. Nitasubiri dakika kumi, nitakipandisha, nitaandika. Kisha nitasoma kina cha theluji kwenye fimbo yenye alama, iliyo hatua sita kutoka kwenye bomba. Karatasi ya Ofisi inasema theluji iliyo karibu na bomba isichimbwe wala isiondolewe. Nimeisoma mara tatu.

Mashine nzito za Kampuni ya mafuta haziruhusiwi kutoka barabarani na kuingia tundra, uwanda wetu usio na miti, mpaka vituo vyote vitatu vionyeshe nyuzi tano chini ya sifuri ardhini na theluji isiyopungua sentimita kumi na tano.

Mwalimu alisema amenichagua kwa sababu sifuti namba. Nikikosea nakata kwa mstari mmoja, na kosa linabaki likisomeka. Pia amenitaka niandike daftari la msimu kwa sentensi kamili. Ndilo hili.

Ardhi: -0.4. Theluji: 19.

Alhamisi, 14 Novemba

Ardhi: -0.5. Theluji: 19. Hewa ni -21, lakini huko chini baridi haifiki.

Jumanne, 19 Novemba

Nilimuuliza Bibi kwa nini pua yangu inaganda na ardhi haigandi. Alikuwa anashona soli ya buti, uzi mdomoni.

"Mama," aliniambia, "ardhi ya mwaka huu ilivaa nguo kabla haijasikia baridi."

Bibi ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Nauyaq, aliyefariki mwezi mmoja kabla sijazaliwa. Shuleni ni Leona. Akiniita mama huwa ananisemesha kwa heshima kidogo, halafu ananituma chai.

Alieleza kwamba theluji ilianguka Septemba, nene, wakati ardhi bado ina joto la kiangazi. Sasa imelala chini ya blanketi.

"Kwa hiyo tuivue blanketi?"

"Umvue mtu nguo kwa sababu lori linataka kupita? Niletee chai, mama."

Ardhi: -0.8. Theluji: 23.

Ijumaa, 22 Novemba

Jua lilionekana dakika ishirini kusini, halafu likaingia. Litarudi Januari. Kuna mwanga wa buluu kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, unatosha kusomea namba. Ardhi: -1.0.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Kanisani manahodha wa mashua za uwindaji waligawa nyama ya nyangumi waliomvua Septemba, kila nyumba sanduku lake. Bibi alitutuma, Baba na mimi, tukapange sehemu yetu kwenye ghala la barafu, shimo alilochimba babu yake ndani ya ardhi iliyoganda, ngazi ya hatua kumi na nne. Zamani kuta zake zilikuwa na fuwele nyeupe. Leo zilikuwa nyeusi na zinang'aa, na kwenye sakafu kulikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Baba alisimama na tochi.

"Tupeleke kwenye friza ya kijiji," alisema.

"Bibi anasema ya friza ina ladha ya friza."

"Na hii itakuwa na ladha ya uozo. Shika upande huo."

Wakati wa kula, Baba alituambia habari ya kazi. Yeye huendesha lori la maji la kutengenezea barabara za barafu, miaka kumi na sita sasa. Mwaka huu Kampuni inataka kuchimba kisima kimoja cha utafiti, kilomita hamsini magharibi ya hapa, kuangalia kama mafuta yapo. Hakuna barabara ya kufika huko. Watamwaga maji juu ya theluji mpaka iwe barafu nene, malori yapite juu, wachimbe, warudishe kila kitu kabla barafu haijalainika mwisho wa Aprili. Alipoanza kazi, tundra ilifunguliwa mwanzoni mwa Novemba. Mwaka jana ilifunguliwa tarehe tatu Januari.

"Mashine nyepesi zimeshapewa ruhusa," alisema. "Zile za magurudumu mapana. Zinaishindilia theluji kwenye njia. Ikishindiliwa haishiki tena joto, baridi inashuka yenyewe. Tatizo siyo njia. Tatizo ni vituo. Tarehe kumi na tano Januari ikipita hatujafunguliwa, wamesema hawaji, siku hazitatosha."

"Na wasipokuja?" aliuliza Mama.

"Watu kumi na watano wa kijiji hiki hawana kazi mpaka kiangazi. Tutakwenda Fairbanks kwa dada yangu."

Mama alitazama sahani. Bibi alisema yeye Fairbanks haendi, miti inamzibia macho. Hakuna aliyecheka, maana tulijua hatanii. Tukienda tutamwacha.

Baba alinigeukia. "Kituo chako kinasemaje?"

"-1.4."

"Kiambie kifanye haraka."

Jumatatu, 2 Desemba

Ardhi: -1.5. Theluji: 24. Nimegundua kwamba dakika kumi za kusubiri ni ndefu nikisimama. Miguu inakufa ganzi. Sasa nazunguka bomba mpaka muda uishe. Leo mizunguko thelathini na minane.

Ijumaa, 6 Desemba

Ardhi: -1.9. Mizunguko arobaini na mmoja.

Ijumaa, 13 Desemba

Darlene alinisindikiza. Ni binti wa Amu Roy, mdogo wake Baba, na baba yake yumo kwenye orodha ya kazi kama wangu. Alizunguka pamoja nami akilalamika njia nzima.

"Hivi wewe Bi. Sentimita, kwa nini usiandike tu tano tukacheze mpira?"

"Si tano."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Eti mimi. Kwani wewe ni nani, gavana?" Alinirushia theluji. "Baba yangu anakuja kila jioni kuniuliza namba yako kama vile ni matokeo ya mechi."

Ardhi: -2.6. Kituo cha mto kina -3.0 na cha ziwa -2.9. Mwalimu hubandika zote tatu kwenye ubao wa ofisi ya posta, na watu husoma wakisubiri vifurushi.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku ya mwisho kabla ya likizo. Mwalimu alileta darasa la tatu na la nne waone kituo. Wako kumi na tisa. Waligandamana kulizunguka bomba, kila mmoja akitaka kuangalia ndani, wakirukaruka kwa baridi. Niliwaeleza kuhusu nyuzi. Mmoja aliuliza kama chini kuna mtu.

Ardhi: -3.4. Theluji: 25. Sasa cha tatu kimevifikia vingine viwili. Mwalimu alisema huenda ni kwa sababu mahali hapa ni wazi zaidi kwa upepo. Niliandika maelezo hayo, na pembeni nikaandika "huenda".

Jumatano, 25 Desemba

Kanisani, kisha michezo ukumbini. Bibi alishinda mchezo wa kuvuta kijiti dhidi ya mama mchungaji. Ardhi: -3.8.

Ijumaa, 27 Desemba

Baba alikuja nami kituoni. Sikumwomba. Amekaa nyumbani wiki sita sasa, amerekebisha kila kitu kinachoweza kurekebishwa, na kingine ambacho hakikuwa kimeharibika.

Niliposhusha kipimajoto, alisimama akiangalia chini kuzunguka bomba. Aliangalia muda mrefu. Akakanyaga mara mbili kwa kisigino, kama anavyokanyaga barafu ya mto kabla ya kupita.

"Huwa unafanya nini ukisubiri?" aliuliza.

"Nazunguka. Mizunguko arobaini hivi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alikanyaga tena, mara moja. Halafu akasema, "Haya basi, tuzunguke," na tukazunguka pamoja, yeye mbele na buti zake kubwa. Alinisimulia jinsi Amu Roy alivyowahi kuzamisha gari la mkubwa wao kwenye ziwa na kusema alikuwa analipima kina. Nilicheka sana. Sikuwa nimemwona Baba mchangamfu hivyo tangu Oktoba.

Ardhi: -4.1.

Ijumaa, 3 Januari

Ardhi: -4.7. Hewa -34. Baba amekuja tena, ni mara ya nne. Kituo cha mto: -4.9. Cha ziwa: -4.8. Ofisi ya posta imejaa watu wasio na vifurushi.

Jumanne, 7 Januari

Ardhi: -5.1. Theluji: 26.

Nilisoma mara mbili, kisha nikasubiri dakika kumi nyingine nikasoma mara ya tatu. Mto na ziwa vilifika jana. Mwalimu alisaini ripoti na kuituma.

Jumatano, 8 Januari

Redio ya jikoni, ile ambayo kijiji kizima kinaitana kwayo, ilitangaza saa nne asubuhi kwamba tundra ya magharibi imefunguliwa. Watu walipigiana hodi humo kwa saa nzima. Amu Roy aliniita kwa jina mbele ya wote: "Leona, mwanangu, umefanya kazi ya mtu mzima." Mama alipika maandazi. Baba alitoa suti yake ya kazi na kuining'iniza karibu na jiko ili ipate joto.

Jumamosi, 11 Januari

Upepo wa kaskazini mashariki. Huwezi kuona nyumba ya jirani. Baba yuko kambini, wanasubiri utulie ndipo malori yatoke. Sikwenda kituoni, ni mara ya kwanza tangu Novemba.

Jumapili, 12 Januari

Upepo. Kanisa halikufunguliwa.

Jumatatu, 13 Januari

Upepo ulitulia alfajiri. Saa sita nilikwenda kituoni kama kawaida ingawa ripoti imeshatumwa, kwa sababu daftari bado lina kurasa.

Upepo umechukua theluji laini yote ya juu kwenye uwanja ule. Fimbo ilionyesha sentimita kumi na moja. Lakini kuzunguka bomba palikuwa na duara limeinuka juu ya theluji nyingine, kama ukingo wa sinia. Nililigusa. Lilikuwa gumu kama saruji. Juu yake zilionekana nyayo, zimesimama wazi, soli za buti alizonishonea Bibi na mishono yake ya pembeni. Upepo ulikuwa umekula kila kitu isipokuwa pale nilipokanyaga mimi. Kati ya nyayo zangu zilikuwamo nyingine ndogo ndogo, za watoto wa darasa la tatu na la nne, na juu ya zote, kubwa, zile za Baba.

Nilisimama nje ya duara.

Sikuchimba wala sikuondoa. Karatasi ya Ofisi haikuandika kwamba nisizunguke, labda kwa sababu hakuna mtu mzima ambaye angefikiria kwamba mtu atalizunguka bomba mara arobaini kila siku kwa wiki sita. Niliishindilia theluji kama mashine za magurudumu mapana. Nikaivua ardhi nguo yake mahali pamoja tu, pa upana wa meza, na humo ndimo nilimopima. Kwingine kote ardhi bado ilikuwa imejifunika. Na nilikuwa nimeyasikia yote mawili kwa masikio yangu, ya Bibi na ya Baba, nikayaandika humu kwa mwandiko mzuri bila kuyaunganisha.

Sikushusha kipimajoto. Nilirudi nikamwita Mwalimu Hedstrom. Aliliangalia duara, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikwenda kuleta drili ya shule yenye keekee ndefu, tukatembea hatua ishirini upande ambao hakuna mtu aliyewahi kupita, akatoboa, nikateremsha kipimajoto. Tulisubiri dakika kumi tukiwa tumesimama. Nilifikiri sitahisi tena vidole vyangu.

-3.3.

Tulitoboa mahali pengine. -3.2.

"Leona," alisema, "ripoti imeshatumwa, na sahihi iliyopo ni yangu."

"Naweza kuandika barua ya kusahihisha nikaisaini mimi."

"Una miaka kumi na minne."

"Kumi na mitano mwezi wa tatu."

Alitaka kucheka ikashindikana. Yeye ni mtu wa kuja, lakini amekaa hapa miaka tisa na mkewe anacheza bingo na Mama. Alisema malori yanatoka kesho mchana. Alisema vituo viwili viko sawa, kimoja tu ndicho hakiko sawa. Alikuwa anajisemea mwenyewe. Halafu akasema, "Nitawapigia kesho saa tatu asubuhi. Mwambie baba yako leo, kabla redio haijamwambia."

Baba alirudi saa kumi na moja jioni kuchukua soksi na dawa yake ya meno. Bibi alikuwepo, anakula supu. Nilimwambia Baba mezani, mbele ya Bibi na Mama. Nilieleza kwa mpangilio, kuanzia duara hadi -3.2.

Hakushangaa. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Mama alishika mdomo. Baba aliendelea kukunja soksi, akazipanga mbili mbili.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua habari za theluji," alisema. "Za bomba sikutaka kuzijua."

"Ulizunguka na mimi."

"Nilizunguka."

"Siku nne."

"Nilikuwa nahesabu watu, siyo siku. Roy ana watoto watano, mwanangu. Zimepungua nyuzi mbili tu, hata hazifiki. Nimeendesha juu ya ardhi mbaya kuliko hiyo."

"Na ikawaje?" aliuliza Bibi. Hakuinua macho kwenye bakuli.

Baba alichukua soksi nyingine. Nyuma ya kijiji kuna mfereji mrefu, umenyooka. Ulianza kama alama ya minyororo ya trekta la watafiti, lililopita mara moja tu wakati Bibi ni msichana. Ngozi ya ardhi ilichanika, jua likaingia, barafu ya chini ikayeyuka, na kila mwaka unaongezeka. Sasa bata huogelea humo. Tunauvuka kwa ubao tukienda kuchuma matunda.

"Nimekuuliza wewe, Wendell. Ikawaje?"

"Ilizama kidogo," alisema Baba.

"Kidogo."

"Mama, si mimi niliyeitia joto dunia."

"Sijasema ni wewe. Nimeuliza ikawaje."

Baba aliziweka soksi kwenye begi, akafunga zipu, akaifungua tena. Aliniuliza kama Mwalimu atapiga simu hata nikimwomba asipige. Nilisema atanisikiliza nikimwomba, naamini. Nikasema sitamwomba.

Alilivuta begi karibu. Halafu alisema, "Basi nisirudi kambini usiku huu. Nitalala nyumbani," akaanza kutoa soksi moja moja.

Nilitarajia anikasirikie. Ningejua la kufanya.

Jumanne, 14 Januari

Mwalimu alipiga saa tatu. Saa tano malori yalisimamishwa. Redio ya jikoni ilitangaza, kisha ikanyamaza kabisa, jambo ambalo halijawahi kutokea mchana.

Alhamisi, 16 Januari

Fundi wa Ofisi ya Ardhi, Bi. Trask, alikuja kwa ndege. Alipiga picha duara kutoka pande zote na kuniomba nisimame karibu nalo ili uonekane ukubwa. Aliniuliza nilikuwa nazunguka upande gani. Nilisema upande wa kulia. Aliandika hilo. Alitoboa mashimo sita, hakuna hata moja lililofika -3.5. Aliweka bomba jipya hatua hamsini kaskazini, akalizungushia kamba umbali wa mita tatu, na kunipa kipimajoto kingine chenye waya mrefu wa kusomea nje ya kamba.

"Bado nitapima mimi?"

"Una mpango wa kwenda mahali?" alisema.

Hilo ndilo jambo lenyewe ambalo nyumbani bado hatujalijua.

Ijumaa, 17 Januari

Mtu aliandika kwenye ubao wa posta, chini ya namba zangu: AHSANTE BI. SENTIMITA. Sikufuta. Ardhi: -3.5.

Jumatatu, 20 Januari

Kampuni imesema haitachimba msimu huu. Ilikuwa barua fupi, Mwalimu aliibandika posta. Haikutaja kituo cha tatu. Ilisema hali ya hewa.

Jumatano, 22 Januari

Jua limerudi, ukingo tu, rangi ya kiini cha yai. Watoto wa shule ya awali walitolewa nje wakaupungie mkono. Ardhi: -3.9. Theluji: 17.

Ijumaa, 24 Januari

Darlene hakai nami tena wakati wa chakula. Leo nilikwenda kukaa naye. Hakuondoka, alisogeza trei yake kidogo.

"Tunahamia Anchorage," alisema. "Baba amepata kazi ya kusafisha theluji kwenye maegesho ya magari. Mtu aliyejenga barabara ya barafu ya kilomita tisini."

"Lini?"

"Jumamosi ijayo." Alikula viazi vitatu. "Na nyinyi?"

"Hatujajua."

"Mtabaki, utaona. Nyinyi mna bahati ya ajabu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma namba.

Jumatatu, 27 Januari

Baba amepata kazi kwenye visima vya zamani vya mashariki. Matangi ya huko yanazama upande mmoja kwa sababu ardhi chini yake inalainika, na sasa wanazamisha mabomba ya kupoza ili igande tena. Atakuwa huko wiki mbili, nyumbani wiki mbili. Mama na mimi tutabaki na Bibi.

Bibi alitaka aelezwe mara ya pili.

"Ardhi imeyeyuka, kwa hiyo wanaigandisha?"

"Ndiyo, Mama."

"Ili waendelee kutoa mafuta."

"Ndiyo."

"Na mafuta yakishachomwa?"

"Mama, wananilipa."

"Basi nenda. Waulize kama wana bomba la ziada, nina ghala langu hapa."

Baba alicheka, na Mama naye. Mimi nilikuwa namtazama Baba. Siku hizi namtazama kama mtu ninayemfahamu kidogo kuliko zamani, lakini kwa usahihi zaidi. Hajawahi kunilaumu. Pia hajasema kwamba nilifanya vizuri.

Ijumaa, 31 Januari

Ardhi: -5.0. Theluji: 22, haijaguswa.

Niliibandika posta. Mama mmoja alisoma, akachukua kifurushi chake, akaondoka.

Jumamosi, 1 Februari

Ndege ya Darlene ilikuwa saa saba. Sikwenda uwanjani, niliogopa Amu Roy ataniona. Saa sita na nusu redio ya jikoni ililia.

"Bi. Sentimita, Bi. Sentimita. Unasikia?"

"Nasikia."

"Leo ngapi?"

"-5.2."

"Imechelewa."

"Imechelewa."

Kukawa na mkwaruzo, na nyuma yake sauti ya Amu Roy akimwambia asimalize betri. Kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza, kama kawaida.

"Haya," alisema Darlene. "Usiache kuniambia."

Jumatatu, 3 Februari

Baba anaondoka leo. Begi lilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Saa sita nilipovaa koti alivaa na yeye, akalibeba begi.

Nilitangulia. Kituo kipya kiko wazi, theluji yake ni nyeupe na laini, ina mikunjo midogo ya upepo na alama moja tu ya mbweha iliyokatiza na kuendelea zake. Njia yangu ni moja, nyembamba, inaishia kwenye kamba.

Baba aliweka begi chini, akasimama hatua nne nyuma yangu, kabla ya mwisho wa njia. Nilidhani amechoka.

"Njoo, unaweza kufika hapa kwenye kamba," nilimwambia. "Inaruhusiwa."

"Hapa panatosha."

"Hutaona namba kutoka hapo."

"Wewe ndiye unayesoma," alisema. "Mimi nasikiliza."

Tulisubiri dakika kumi, kila mtu mahali pake. Hewa ilikuwa -31. Baada ya dakika tano niliona kwa pembeni kwamba miguu inamuuma, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine polepole, lakini buti zake hazikutoka kwenye nyayo zake. Kule uwanjani ndege ilikuwa imeshatua. Hakugeuka kuiangalia.

"-5.6," nilisema.

"Rudia."

"-5.6."

"Iandike," alisema, na akasubiri mpaka nilipomaliza kuandika ndipo akachukua begi lake.